Lushoto kwa siku moja na familia: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya familia iliyo likizo Tanga mjini, Pangani, Korogwe au Mombo, inayotaka kupanda Lushoto, mji ulio kwenye milima ya Usambara, asubuhi na kurudi jioni ya siku hiyohiyo. Saa zimetajwa kwa hesabu ya Kiswahili.

Siku moja inatosha kweli?

Inatosha kwa mambo mawili na soko. Familia nyingi hupanga ukingo wa Irente, msitu wa Magamba, mji mdogo wa Soni, mji mkongwe na hata Mtae kwa mkupuo mmoja, kisha hushinda ndani ya gari. Mtae iondoeni kabisa kwenye ratiba ya siku moja: iko mwisho wa milima upande wa kaskazini, na barabara ya kufika huko inahitaji siku yake. Chagueni Irente na mji, au Irente na msitu wa Magamba. Soni mtaiona njiani mtake msitake.

Tunatokea Dar es Salaam. Tunaweza kwenda na kurudi?

Hapana. Dar hadi Lushoto ni zaidi ya kilomita 350, na kwa vijiji vilivyojipanga kando ya barabara kuu, gari la familia hutumia saa sita hadi saba kwenda tu. Laleni Korogwe, Mombo au Lushoto kwenyewe. Wanaotokea Moshi nao wana safari ya zaidi ya saa nne kwenda, kwa hiyo ushauri ni uleule.

Kutoka Tanga tuondoke saa ngapi?

Saa 12 asubuhi magurudumu yawe yanazunguka. Hiyo si saa ya kuanza kutafuta kiatu cha mtoto. Mnapita Muheza hadi Segera, mnakunja kulia kuelekea Korogwe, kisha Mombo. Kipande hicho ni kama kilomita 135 na huchukua saa mbili na nusu, kwa sababu vijijini kikomo ni kilomita 50 kwa saa na trafiki wenye tochi wanajua kona zote za kujibanza. Faini ni shilingi 30,000 kwa kosa moja. Mombo mnaacha barabara kuu na kuanza kupanda: kilomita 33, karibu saa nzima. Mkienda hivyo mtaingia Lushoto kati ya saa 3:30 na saa 4.

Wanaotokea Pangani waongeze saa moja na nusu, na wasishangae ikiwa zaidi.

Kurudi, ondokeni Lushoto saa 9:30 alasiri, saa 10 ikizidi sana. Jua huzama kati ya saa 12:15 na saa 12:50 kutegemea mwezi, na kipande cha mlima kinatakiwa kiishe mapema kabla ya hapo. Barabara kuu ya Segera usiku inachosha, ila inapitika. Kona za Soni gizani, mkiwa na ukungu na malori ya kabichi yaliyopakia mchana yakishuka kwenda Kariakoo, ni jambo jingine.

Barabara ya mlima ikoje? Gari dogo kama IST au Vitz linaweza?

Linaweza. Ni lami kutoka Mombo hadi mjini. Tatizo ni wembamba na kona: mkono mmoja mwamba, mkono wa pili korongo, na mabasi makubwa yanayohitaji upana wote wa barabara ili yakate kona. Pigeni honi kabla ya kila kona isiyoonesha mbele. Mkikutana na basi kwenye kona, simameni mbali kidogo na kona yenyewe mwachieni nafasi, badala ya kujikaza ubavuni mwake.

Kabla ya kuondoka kagueni vitu vinne: maji ya rejeta, mafuta ya breki, unene wa pedi za breki na upepo wa tairi. Mombo iko chini kwenye joto, kama mita 400 kutoka usawa wa bahari. Lushoto iko karibu mita 1,400. Gari lililojaza watu saba na mizigo hupanda mita 1,000 kwa gia nzito, na kama rejeta ina upungufu, ndipo utakapouona. Mshale wa joto ukianza kupanda, zimeni kiyoyozi, fungueni vioo, tafuteni sehemu pana ya kusimama. Msifungue mfuniko wa rejeta ikiwa ya moto: maji yake yana mgandamizo na yataruka usoni. Subirini nusu saa.

Wakati wa masika, Machi hadi Mei, na vuli, kuanzia Oktoba hadi Desemba, udongo na mawe huporomoka barabarani. Sababu ni kwamba barabara imekatwa kwenye ubavu wa mlima mkali; maji yakiingia nyuma ya udongo, unateleza wote. Imewahi kufungwa zaidi ya mara moja kwa maporomoko. Kama usiku mvua imenyesha sana, ulizeni madereva wa stendi ya Mombo kabla ya kupanda. Wao huwa na habari kabla ya redio. Na msisimame kupiga picha chini ya ukuta wa udongo uliolowa.

Kwa nini watu hunusa harufu ya kuungua wakati wa kushuka?

Ni breki. Dereva asiyezoea milima huweka gia kubwa au D, kisha hukanyaga breki kilomita nzima. Pedi zinapata moto, moto unaingia kwenye mafuta ya breki, yakichemka yanatoa mapovu, na mapovu hubonyea. Pedali inakuwa laini, inazama, gari halisimami. Mafuta ya breki ya zamani huchemka upesi zaidi kwa sababu yameshanyonya unyevu kutoka hewani.

Dawa ni kuiacha injini ishike gari. Kwa gari la klachi, shukeni na gia ya pili au ya tatu. Kanuni ya madereva wa zamani ni kushuka na gia ileile uliyopandia. Kwa gari la otomatiki, toeni D mweke 2, L au alama ya S, kutegemea gari. Injini italalamika kwa sauti, iacheni ilalamike. Breki ikanyagwe kwa nguvu kidogo kabla ya kona kisha iachiwe, isishikiliwe. Kamwe msishuke na N eti kuokoa mafuta. Harufu ikitoka, egesheni mahali tambarare kwa dakika 20 hadi 30, na msimwagie magurudumu maji: chuma cha moto kikipata maji baridi hupinda au kupasuka.

Watoto wetu hutapika njiani. Tufanyeje?

Jiandaeni kana kwamba watatapika, hata yule ambaye hajawahi. Kipande kibaya ni Mombo hadi Soni, karibu nusu ya kwanza ya mlima, ambako kona zinafuatana bila kupumua. Chai ya maziwa na vitumbua vya mafuta saa 11 alfajiri ndivyo vitakavyorudi. Wapeni mkate mkavu, ndizi moja na maji kidogo. Mtoto aangalie mbele nje ya gari. Simu na katuni zizimwe kuanzia Mombo, kwa sababu macho yakitazama kitu kilichotulia huku mwili unayumba, ndipo kichefuchefu kinapoanza. Fungueni kioo kidogo. Dawa za kichefuchefu cha safari zipo famasi, lakini hutolewa kabla ya safari, si mtoto akishaanza kubadilika rangi. Mwulizeni mfamasia dozi kwa umri na uzito. Mifuko isiyotoboka, kitambaa chenye maji na fulana ya ziada viwe miguuni mwa abiria wa mbele, visizikwe buti.

Masikio kuziba ni kitu kingine na hakina madhara: hewa ya juu ni nyepesi kuliko ya chini. Pipi ya kunyonya au kumeza mate huyafungua. Mtoto mchanga anyonyeshwe wakati wa kupanda na wakati wa kushuka. Mtoto mwenye mafua makali anaweza kulia kwa maumivu. Huyo ni afadhali abaki chini.

Hatuna gari. Mabasi yapo?

Yapo mabasi ya Tanga hadi Lushoto moja kwa moja, na kutoka Mombo kuna usafiri mdogo wa kupanda siku nzima. Ugumu ni kurudi. Mkishuka tu stendi ya Lushoto, kabla hata ya chai, ulizeni gari la mwisho la Tanga linaondoka saa ngapi, na mkate tiketi ya kurudi kama inakatwa. Likiwapita, shukeni Mombo kwa daladala mkadandie mabasi ya barabara kuu, ingawa wakati huo mengi huwa yameshajaa. Familia ya watu watano au sita hupata nafuu kukodi Noah kwa siku nzima. Pataneni mapema kama mafuta ni ya nani, kama bei ni pamoja na kwenda Irente, na saa ya kurudi.

Tuvae nini? Si ni Tanzania hiihii?

Kila mkipanda mita 1,000 joto hupungua kwa takriban nyuzi sita. Mombo ikiwa 32, Lushoto itakuwa 26 mchana wa jua, na hapo mtaona makoti ni mzigo. Jua likifichwa na wingu, au ikiwa ni kati ya Juni na Agosti, watoto waliokuja na kaptura za ufukweni watatetemeka. Kila mtu awe na sweta, na raba zenye meno chini. Kandambili huteleza kwenye udongo mwekundu uliolowa. Mavazi ya heshima yanatosha. Mji una Waislamu na Wakristo, na nguo za kuogelea ziishie baharini.

Miezi mizuri zaidi kwa siku moja ni Januari, Februari, na Julai hadi Septemba. Desemba kuna matunda mengi, ila kuna mvua zake.

Irente kuna nini hasa, na twende saa ngapi?

Ni ukingo wa mlima, kama kilomita tano hadi sita kutoka mjini. Ardhi inakatika ghafla na mnaona nyika mita elfu moja hivi chini: Mazinde, mashamba ya katani, barabara kuu mliyopita asubuhi ikiwa nyembamba kama uzi, reli ya Tanga hadi Moshi, kisha tambarare ya Wamasai hadi macho yanapochoka. Katani hiyo ina historia yake. Miche ya kwanza ililetwa na Richard Hindorf mwaka 1893, na mwaka huohuo Wajerumani walianza kujenga reli kutokea Tanga.

Saa ina maana kubwa hapa. Asubuhi ukungu mara nyingi hufunika ukingo na watu hurudi wamepiga picha ya weupe mtupu. Nendeni kati ya saa 5 na saa 7. Kama mkifika kumefungwa, msikate tamaa: kaeni dakika 30, upepo wa kutoka bondeni huwa unafungua kidogokidogo. Machweo ya Irente ni mazuri kuliko yote, lakini hayo ni ya wanaolala Lushoto.

Njia ni ya udongo, gari dogo hupita kiangazi. Mvua ikinyesha, acheni gari mjini mchukue bodaboda, au ahirisheni. Kutembea kwa miguu ni saa moja na nusu kwenda kwa mtu mzima. Kwa mtoto wa chini ya miaka minane, endesheni mpaka karibu kisha mtembee kipande cha mwisho. Wekeni fedha ndogondogo mfukoni kwa kiingilio.

Jambo moja halina mjadala: ukingo si uwanja wa kuchezea, na msitegemee kukuta uzio. Mtoto wa chini ya miaka kumi ashikwe mkono na mtu mzima mmoja asiye na kazi nyingine. Anayepiga picha asiwe ndiye anayemshika mtoto.

Chakula cha mchana tule wapi?

Shamba la Irente, lililo chini ya Kanisa la Kilutheri, hutengeneza jibini, mkate na jamu, na hutoa chakula cha mchana kwa wageni bustanini. Kwa familia, hapa ndipo pazuri: kuna nyasi, kivuli na choo, na pako njiani kwenda ukingoni. Toeni taarifa kabla, walau mkipita kwenda kutazama mandhari, ili mkirudi wawe wameandaa. Wenye watoto wasiokula jibini, na wapo wengi, wapate wali maharage mjini karibu na stendi kabla ya kutoka.

Mji wenyewe ni wa kale kiasi gani?

Kama mji wa kiserikali, ni wa mwisho wa karne ya 19. Wajerumani waliufanya makao ya wilaya na kuuita Wilhelmstal, kwa jina la mfalme wao Wilhelm II. Walipenda baridi yake. Maofisa waliougua homa pwani walipandishwa huku kupumzika. Majeshi ya Waingereza yaliuchukua mwaka 1916, na jina la Lushoto likarudi kwenye ramani.

Lakini Usambara ilikuwa na dola yake kabla ya Mjerumani yeyote. Makao yake yalikuwa Vuga, si Lushoto, na watawala walikuwa Wakilindi, ukoo unaojihesabu kutoka kwa Mbegha, mwindaji ambaye masimulizi ya Wasambaa yanasema alikuja kutoka Ngulu na kupewa utawala. Kimweri ye Nyumbai, aliyefariki mwaka 1862, alitawala kuanzia milimani hadi karibu na pwani. Waelezeni watoto hilo mkiwa Soni, kwa sababu Vuga iko upande huo wa milima. Mkifika mjini watakuta majengo ya Kijerumani na kudhani historia ilianzia hapo.

Kwa miguu mji mnaumaliza kwa saa moja: barabara kuu yenye miti mirefu, majengo ya zamani yenye kuta nene, makanisa, soko. Chuo cha Uongozi wa Mahakama kiko hapahapa Lushoto. Majengo mengine ya kale ni ofisi zinazofanya kazi, kwa hiyo ombeni ruhusa kabla ya kuingia uani au kupiga picha.

Magamba inafaa kwa watoto?

Kuanzia miaka sita hivi, ndiyo, kwa mzunguko mfupi wa saa mbili. Ni hifadhi ya mazingira asilia iliyo chini ya TFS, yaani Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, kilomita chache kaskazini mwa mji, na kilele chake kinafika takriban mita 2,300. Ni baridi kuliko mjini. Mtasikia mbega kabla ya kuwaona. Ingieni na mwongozaji. Mpateni mjini, mkubaliane bei ya kundi badala ya kichwa kimoja kimoja, na mseme wazi kwamba kuna watoto ili asiwapeleke njia ya saa tano. Kiingilio ni malipo ya serikali, hulipwa kwa namba ya kumbukumbu kupitia simu au benki. Fanyeni hivyo mkiwa bado mjini, kwani msituni mtandao unakatika. Raia bebeni kitambulisho cha NIDA, maana bei ya mgeni ni kubwa zaidi.

Suruali ziingizwe ndani ya soksi. Siafu hawabagui umri.

Watoto wanauliza kwa nini mashamba yana ngazi.

Ni matuta ya kuzuia udongo usichukuliwe na mvua. Mwaka 1946 serikali ya kikoloni ilianzisha mpango wa Mlalo, ikawalazimisha wakulima kuyachimba. Kazi ilikuwa ngumu, mavuno hayakuonekana kulipa jasho, na watu wakagoma. Mengi mnayoyaona leo wakulima wameyachimba kwa hiari yao, kwa karoti, kabichi na viazi mviringo.

Tununue nini sokoni, na kitafikaje salama?

Plamsi, pichesi na mapeasi hujaa kuanzia Desemba hadi Februari. Mboga zipo mwaka mzima. Matunda huuzwa kwa sado au ndoo. Tazameni ikimiminwa, kwa sababu juu huwekwa makubwa. Chagueni yaliyo magumu kidogo: mkishuka Mombo joto linaruka nyuzi kadhaa, na plamsi iliyoiva ndani ya buti lililofungwa huwa maji kabla ya Segera. Viazi chini, kabichi katikati, matunda juu kwenye boksi lenye matundu. Nunueni mwisho, mkiwa mnaondoka, isipokuwa siku ya gulio, ambapo maegesho ni shida na vizuri huisha mapema.

Wapo vijana watakaowaletea kinyonga juu ya kijiti ili mpige naye picha kwa malipo. Tunashauri mkatae. Usambara ina vinyonga wasiopatikana kwingine duniani, na kila picha inayolipiwa hutoa mwingine mtini. Mwongozaji mzuri atawaonesha kinyonga akiwa palepale anapoishi.

Bibi ana magoti mabaya. Aje?

Aje. Irente anafika karibu kwa gari, bustani ya shamba ina pa kukaa, na mji una hoteli za kunywa chai. Magamba abaki nje. Mwenye shinikizo la damu anywe dawa zake kwa saa yake ya kawaida, na akae kiti cha mbele kwa ajili ya kona. Hospitali ya wilaya iko mjini.

Tukichelewa mpaka giza?

Laleni. Nyumba za wageni za bei zote zipo karibu na stendi na kandokando ya mji, na nje ya sikukuu si vigumu kupata vyumba. Kwa ajili hiyo bebeni vitu vidogo hata kama hamkusudii kulala: miswaki, dawa za kila siku, nepi za akiba na nguo moja ya joto kwa kila mtoto. Ombeni blanketi la pili mnapopokea ufunguo. Saa 8 usiku mtakuwa mnalitafuta na mapokezi patakuwa pamefungwa. Asubuhi shukeni baada ya saa 2, ukungu ukiwa umeanza kuachia.